Faili Husomwa Kutoka Nyuma

Bweni la Wasichana, Jengo la Pili,
Chumba namba 14.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, kwa sababu nakujua, ukisoma umesimama miwani hudondoka na lawama humwangukia aliyeandika. Goti lako la kushoto linasemaje? Bado linatabiri mvua kuliko redio? Na mzee wako hajambo? Nilicheka peke yangu niliposoma kwamba siku hizi anabishana na msoma habari mpaka mnalazimika kuizima redio. Mwambie msoma habari hamsikii, ila majirani wanamsikia vizuri sana.

Mimi mwili ni mzima. Nala, nalala kidogo. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na salio lingekwisha kabla hujajua tunalia nini.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza habari za kozi yangu ya ustawi wa jamii kwa sababu kitinda mimba wako anataka kuisomea, nawe unataka kujua kama ni vitabu vitupu au wanafunzi wanafundishwa kazi yenyewe. Halafu ukamalizia, kama kawaida yako, kwamba mtu uliyempa jina la Kiherehere tangu akiwa na miaka minne asingekosa kuchagua kazi ya kuingia nyumba za watu kwa kibali cha serikali. Sawa, nimekusamehe. Laiti hicho kiherehere kingekuwepo siku kilipohitajika.

Vitabu vipo, vya kumwotesha mtu kibiongo. Lakini kazi hasa tunajifunzia nje ya darasa. Mwisho wa korido ya jengo letu kuna chumba kilichopangwa kama sebule ya mtu: makochi mawili, meza, zulia, pazia, na mlango mmoja wa uongo ambao ukiufungua unakutana na ukuta. Humo tunaigiza. Mmoja anakuwa mteja, mmoja afisa, wengine wanakaa kwenye benchi wakiandika makosa. Mwalimu wa igizo tunamwita Mzee Faragha kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo. Nyumba ya mteja si yako, anasema. Subiri ukaribishwe, na usipeleke macho vyumbani. Macho hayana pazia, kwa hiyo wewe mwenyewe uwe pazia. Katika mwaka wa pili mimi ndiye niliyepata alama za juu kuliko wote katika somo hilo, na akanisimamisha mbele ya wenzangu wanitazame ninavyoaga.

Kuna pia chumba cha simu ya msaada. Tunakaa wawili wawili, mmoja anaongea, mmoja anaandika, na msimamizi anasikiliza nyuma yetu. Huko nilijifunza kunyamaza, jambo ambalo wewe na marehemu bibi mlijaribu kunifundisha kwa miaka kumi na tano mkashindwa. Kuna watu wanapiga simu na kupumua tu. Unakaa nao hivyo hivyo mpaka neno litoke.

Halafu kuna Umoja wa Jumamosi. Huu si wa lazima. Ni wanafunzi wenyewe wanaojitolea kuwatembelea wazee wasioweza kutoka nje. Kila jozi inapewa nyumba sita. Mwenzangu alikuwa kijana tunayemwita Profesa, anayejua kila kitu kilichomo vitabuni na hajui hata kimoja kilichomo majumbani. Tunakwenda, tunasalimia, tunakaa, tunarudi na fomu, ambayo nakala yake hupelekwa ofisi ya ustawi. Baada ya muhula nyumba zinabadili mikono, jozi mpya inapokea fomu za jozi iliyotangulia na kuendelea nazo.

Ile fomu, Shangazi, ina swali moja juu kabisa: Mteja ameonekana? Ndiyo, Hapana. Ukiweka alama kwenye Ndiyo, unaandika mistari miwili na kwenda zako. Ukiweka kwenye Hapana, unaandika nusu ukurasa wa maelezo, unasaini mbele ya kiongozi wa Umoja, na unarudi nyumba hiyo hiyo kabla siku tatu hazijapita. Hapo ndipo shetani alipoweka kiti chake.

Nyumba yetu ya nne ilikuwa yenye geti la buluu. Mteja alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, macho yameingia ukungu, miguu haina nguvu. Anakaa kwa mwanawe wa pekee ambaye yuko kazini mbali, na anayemtunza ni mke wa mwanawe huyo. Sisi tulimwita Bi Karibu, maana hatukuwahi kukaribishwa vile popote. Kibaraza kimepigwa deki kinang'aa, viti vinne vya plastiki vimepangwa, maji ya kunywa kwenye trei. Akatuambia bibi ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefunguliwa kidogo, nikaona pembe ya kitanda na blanketi la kijivu. Tukapiga soga nusu saa. Tukaaga.

Nikaweka alama kwenye Ndiyo. Chini yake nikaandika, tena kwa mwandiko wangu ule wa sherehe: Mteja amepumzika katika mazingira safi na tulivu, chini ya uangalizi wa mkwewe. Profesa akasema ni sentensi nzuri. Hiyo ilikuwa Juni ya mwaka jana.

Sasa twende mwaka huu, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Mwaka wa tatu tunapelekwa mafunzo kwa vitendo, wiki nane, katika ofisi ya kweli yenye watu wa kweli. Mimi nimepangiwa ofisi ya ustawi iliyo nyuma ya kituo cha afya. Ni vyumba viwili. Kimoja kina makabati mpaka dirishani, ukitaka kufungua dirisha unaomba ruhusa kwa kabati. Afisa ni mmoja tu kwa mitaa yote kumi na moja, mwanamke wa makamo, mfupi, mkavu wa maneno, na watu humwita Mama Mafaili.

Mama Mafaili ana namna yake ya kumfundisha mwanafunzi. Hakuruhusu usome faili kutoka mwanzo. Unaanza na ukurasa wa mwisho, unarudi nyuma, ziara moja baada ya nyingine, na kwenye kila ziara unajiuliza: huyu aliona, au aliambiwa? Ukikuta aliambiwa, geuza ukurasa. Endelea hivyo mpaka umfikie mtu aliyeona kwa macho yake. Anasema faili linaanzia hapo, na kurasa zote zilizobaki ni umbea wenye muhuri. Mimi nilichukulia kama mchezo, na nilikuwa hodari. Wiki nne za kwanza nilimgundulia mambo mawili ambayo yeye mwenyewe yalimpita, akanipa pipi ya kikohozi kutoka kwenye droo yake, ambayo hapo ofisini ni sawa na nishani.

Jumatano ya wiki iliyopita akaweka mezani kwangu rundo la mafaili ya watu walio salama. Kazi yangu ilikuwa kuyapitia na kupendekeza yapi yafungwe. Faili likifungwa, Shangazi, nyumba hiyo haitembelewi tena na mtu yeyote, si afisa, si mwanafunzi. Linapanda kabati la juu na kabati la juu hakuna anayelifikia bila ngazi.

La tatu kwenye rundo lilikuwa la geti la buluu. Nilifurahi, nikuambie kweli. Nilijiona nakutana na mtu ninayemfahamu.

Nikaanza nyuma. Julai: Mteja amelala, hali ni kama ilivyoripotiwa awali. Juni: Hali ni kama ilivyoripotiwa awali. Mei, hivyo hivyo, mwandiko mwingine. Wote wameweka alama kwenye Ndiyo. Machi nikakuta mtu ameandika: Mteja alisikika akigonga kitu chumbani, ishara kwamba bado ana nguvu. Nikasoma mara mbili. Februari tena, amesikika akigonga. Januari, amesikika akigonga. Nikarudi mbele harakaharaka kuangalia. Kuanzia Aprili hakuna aliyeandika habari za kugonga.

Nikaendelea kurudi, Desemba, Novemba, Oktoba. Kwenye Agosti kulikuwa na karatasi ya Mama Mafaili mwenyewe: Kwa kuwa wanafunzi wa Umoja wanamwona mteja mara kwa mara, ziara za afisa zilizopangwa zinasitishwa kabla hazijaanza ili kupisha kesi za dharura. Wanamwona. Nikageuza Julai. Nikageuza ukurasa wa mwisho, ambao ndio wa kwanza, na hapo nikaukuta ule mwandiko wa sherehe, na sentensi nzuri, na saini yangu yenye mkia.

Miezi kumi na minne. Mwandiko wa watu tisa. Na wote tisa walikuwa wameegemea mtu mmoja aliyeona pembe ya blanketi.

Nitakuambia nilichofanya, na usiruke mstari. Nililiweka faili chini ya rundo. Jioni nikamtafuta Profesa. Akanisikiliza, akasema funika kombe mwanaharamu apite. Nipendekeze tu ziara moja ya kuhakiki, nisitaje lolote, nani atakumbuka. Alhamisi nilikwenda ofisini, nikafanya kazi kwenye mafaili mengine siku nzima, na lile sikuligusa. Kila kitu kikigongwa pale nje, mlango, sufuria ya mama wa chai, nilikuwa nashtuka. Siku nzima, Shangazi, mimi ninayejua, nimekaa. Kila nikikumbuka hiyo Alhamisi najiona mchafu.

Ijumaa asubuhi nilimfuata Mama Mafaili kabla hajaning'iniza mkoba wake. Nikamfungulia ukurasa, nikamwambia mwandiko ni wangu. Hakupandisha sauti. Alivua miwani.

"Uliona nini?"

"Blanketi."

"Lilikuwa linapumua?"

Nikasema sijui. Akasimama, akachukua funguo za gari.

Tulipita kituo cha afya tukamchukua muuguzi, tukampitia na kiongozi wa mtaa. Ndani ya gari nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole kama mtoto wa chekechea, nikifika Aprili naanza upya.

Bi Karibu alitufungulia mwenyewe. Amekonda. Kibaraza kinang'aa vile vile, viti vile vile, akakimbilia trei ya maji. Karibuni, karibuni, mama ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Mama Mafaili akamwambia kwa upole kabisa:

"Vizuri. Tutamwangalia amelala."

Yule mwanamke akasimama na trei mkononi. Nilimwona akinitazama mimi, si Mama Mafaili, na nikajua kwamba amenikumbuka. Kisha akaweka trei chini, sakafuni, akaanza kutafuta ufunguo. Alitafuta jikoni, akatafuta kwenye kabati la vyombo, akatafuta ndani ya kopo la sukari. Muda wote ule alikuwa ameuvaa shingoni.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli kwa nje, la ukubwa wa ngumi. Kiongozi wa mtaa aligonga kwanza, akaita, hodi bibi, hodi. Akaita tena. Muuguzi akafunga kitambaa puani kabla hata mlango haujafunguliwa, na mimi nikawa nimeshika ukuta. Mungu anisamehe, niliomba tusiingie.

Yu hai, Shangazi. Nakuambia mapema usije ukapata shinikizo la damu. Lakini sijui kama neno hilo linatosha. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kabati la nguo. Blanketi ni lile la kijivu. Chini yake alikuwepo mtu mdogo kama mtoto wa darasa la pili, na vidonda vya kulala upande mmoja ambavyo sitakuelezea. Pembeni ya kitanda palikuwa na kikombe cha bati kimebonyea upande mmoja, na ukutani, usawa wa mkono wake, plasta imechimbika mpaka kwenye tofali.

Muuguzi alifanya kazi yake, Mama Mafaili akapiga simu. Mimi niliona haifai kusimama kama gogo, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema, "Shikamoo, bibi."

Macho yake hayakuniona, lakini aligeuza kichwa. Taratibu, kwa shida. Akatulia kama anayesikiliza hata baada ya mimi kunyamaza.

"Wewe nakujua," akasema. "Wewe ndiye uliyesema nisisumbuliwe."

Na kweli nilisema. Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile kibarazani, nikiaga kwa ile adabu ya alama za juu, nilimwambia Bi Karibu kwa sauti ya kusikika: mwache bibi apumzike, wala asisumbuliwe kwa ajili yetu. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na yeye alikuwa macho.

Tulipokuwa tunasubiri gari la wagonjwa, Bi Karibu alikaa kwenye kiti kimoja cha plastiki, hakukimbia wala hakulia. Alisema alianza kufunga mlango kwa sababu bibi aliwahi kutambaa hadi barabarani akakoswa na lori. Alifunga siku moja, halafu wiki, halafu akawa anafunga. Mumewe harudi, yeye anaondoka kwenda kazini alfajiri, hana wa kumwachia. Kisha akaniambia jambo ambalo nalisikia mpaka sasa ninapokuandikia. Mwanzoni, alisema, kila ikikaribia Jumamosi alikuwa anafua shuka na kumbadilisha bibi, akiogopa tutaomba kuingia. Na moyoni alikuwa anaomba tuombe. Hakuna aliyeomba. Akaacha kufua.

Polisi wamemchukua maelezo. Sijui kitakachomfika, na sijui ningependa kimfike nini.

Bibi yuko hospitali, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, leo siku ya tisa. Hataki mlango ufungwe. Wagonjwa wenzake wanalalamika baridi, na yeye akisikia bawaba inalia tu anapiga ukelele wenye nguvu nisizojua anazipata wapi. Naenda kila jioni. Salamu yangu haitikii. Daktari anasema vidonda vinaweza kupona, moyo wenyewe hauahidi. Siwezi kusema tumemwokoa. Tumemfikia tu.

Chuoni nimesema yote mbele ya kamati, na fomu nikawapa. Wanaweza kunisimamisha mwaka. Mzee Faragha alitoka kwenye kikao kabla hakijaisha, nikamkuta ameketi kwenye ile sebule yetu ya uongo peke yake, taa hajawasha. Profesa hanisalimii.

Sasa kuhusu kitinda mimba. Mwache aje. Mafunzo kwa vitendo yapo, tele, na ukiniuliza hakuna shule bora kuliko kusimama kwenye kibaraza cha mtu. Ila umsomee barua hii yote, hata pale nilipojiaibisha. Mwambie kuuliza si ujinga, na kuomba kuingia si utovu wa adabu. Akishasikia yote, achague mwenyewe.

Nikuage, maana Mama Mafaili anakuja kunichukua saa tano na saa hii ni nne na nusu. Zile nyumba zilikuwa sita, kama nilivyokuambia. Tumelitoa sanduku la fomu za Umoja, na zote sita zimeandikwa Ndiyo kwa mkono wangu. Baada ya geti la buluu, wiki hii tumefika tatu. Katika hizo tatu wazee tumewaona kwa macho, tumeshikana nao mikono, mmoja alinitukana kwa kumwamsha na nusura nimbusu. Zimebaki mbili, ndizo za leo. Moja naikumbuka vizuri, ina ngazi za mawe na mbwa mweupe. Ya pili siikumbuki, Shangazi. Nimefumba macho nimejaribu tangu juzi, sioni geti, sioni kiti, sioni sura ya mtu. Lakini saini ni yangu.

Nisalimie mzee wako na ugomvi wake, nisalimie kaka fundi seremala na shemeji, na mapacha wao uwapige busu moja moja wasije wakagombana. Nisalimie mama mkubwa ukimpigia simu, ila haya usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Mungu akulinde ndani ya nyumba yako, na asikose kukuletea mtu wa kukufungulia mlango kila asubuhi. Nawe uniombee, hasa saa tano ya leo, ingawa barua itakapokufikia itakuwa imekwisha kupita.

Wako akupendaye daima,
mwana wa kaka yako,
Kiherehere.